Mali Bila Daftari: Tuliyojifunza Tabora



Katika kurasa hizi tumezoea kukuandikieni khabari za bei, za miche, na za majamvi ya kuanikia. Leo tunakuombeni radhi tutoke kidogo nje ya shamba, kisha tutarudi.

Mwaka jana, msimu ulipokwisha, baadhi yetu tulisafiri mpaka Tabora kuonana na warina asali na wakulima wa tumbaku, ili tuone wenzetu wanavyouza mali yao kwa umoja. Ya asali na tumbaku tumekwisha kuyaeleza mkutanoni. Walakini tulirudi na khabari nyingine ambayo hatukuifuata, nayo ndiyo tunayokuleteeni: khabari ya daftari.

Tabora si mji mgeni kwa mtu wa visiwani, ijapokuwa hajapata kuuona. Kabla ya reli kufika huko mwaka 1912, msafara uliotoka Bagamoyo ulikwenda kwa miguu yapata miezi mitatu, ukapita Mpwapwa na Ugogo, hata kuingia Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika: hii ya Ujiji na Ziwa Tanganyika, ile ya kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mpaka leo miembe mikubwa imesimama huko kama alama ya njia ile.

Khabari ya njia hiyo imefungamana na ya karafuu zetu. Tangu enzi ya Seyyid Said, utajiri wa Unguja na Pemba ulitoka katika mashamba haya na katika pembe zilizoshuka kwa njia ile. Na si pembe tu zilizoshuka. Walishuka na watu, wamefungwa, na wengi miongoni mwa waliotumikia mikarafuu ya mwanzo hawakuja kwa khiari yao. Majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika hesabu ya mnunuzi. Baadaye, utumwa ulipokwisha, Wanyamwezi walikuja kwa khiari kuchuma karafuu kwa ujira, na wengine wakakaa, wakazaa, wakazikwa hapa hapa. Basi tulipotembea Tabora tulijiona tumekwenda kwa jamaa.

Mzee aliyetupokea alituonyesha mji wake: njia ya Kwihara alikokaa Livingstone, na skuli ya serikali aliyosoma Julius Nyerere kuanzia mwaka 1937. Nyerere alirudi tena mjini hapo kusomesha katika skuli ya St. Mary's. Kisha mzee akatuuliza, "Na nyinyi watu wa karafuu, mnajua uamuzi wa busara?" Tulijua jina tu. Akatuketisha chini ya mwembe, akatueleza.

Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU, kilichoasisiwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Wajumbe walikuja na swali moja zito. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, nao umewekewa masharti mawili machungu.

La kwanza ni la kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akichagua mmoja akawaacha wawili, kura yake huwa batili. Maana yake ni kuwa watu wachache mno walipewa viti sawasawa na mamilioni.

La pili ni la kuandikishwa. Hakuandikwa ila mtu mzima mwenye elimu ya kiwango fulani, au kipato cha kima fulani, au cheo kinachotambuliwa. Tanganyika ilikuwa na watu karibu milioni tisa. Walioandikishwa walikuwa takriban elfu sitini tu. Mkulima wa mtama, mama muuza samaki na mpagazi wa stesheni, hao wote walibaki nje ya daftari. Na tazameni fundo lenyewe: wengi wa Waafrika wenye elimu na mshahara walikuwa watumishi wa serikali, na watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na TANU. Basi mwenye kadi ya chama hana haki ya kura, na mwenye haki ya kura hana ruhusa ya kuwa na kadi.

Wajumbe wengi walifika Tabora wamekwisha kukata shauri moyoni: tususe. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Walisema kuwa mwenye kuingia katika mchezo wa dhulma ameikubali dhulma, na kwamba kura ya rangi tatu ni matusi. Nyerere naye aliyachukia masharti yale, walakini aliona mbali zaidi. Kulikuwa na chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 na kupendelewa na Gavana Twining. TANU ikisusa, UTP itaingia Barazani bila ya kupingwa, na wao ndio watakaosema kwa jina la nchi na kutunga sheria za uchaguzi utakaofuata. Yaani daftari litabaki mikononi mwa wasiotaka liongezwe majina.

Wakabishana siku kadhaa. Mwisho mkutano ukaamua kuingia katika uchaguzi, na uamuzi huo ndio unaoitwa hata leo uamuzi wa busara. Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alitoka, akaunda chama chake cha African National Congress, na hatuoni kuwa inafaa kumcheka. Alisimama katika alichokiamini.

Hapa ndipo mzee wetu alipoinua kidole. "Watu hukumbuka hotuba," alisema, "wakasahau kazi." Uamuzi ule peke yake usingefaa kitu kama watu wa mitaani hawakuufanyia kazi. Madhali waliokuwa na haki ya kura ni wachache, kila mmoja wao alikuwa na thamani ya dhahabu, na kila aliyekuwa na sifa asijiandikishe alikuwa khasara tupu. Marehemu baba yake mzee huyu alikuwa fundi cherehani. Hakuwa na elimu ya kutosha wala kipato cha kutosha, wala hakuandikwa. Illa ndiye aliyekwenda jioni baada ya jioni kwa mwenye duka mmoja mtaani kwake, mtu mwenye sifa zote lakini mvivu na mwoga, mpaka akamtoa barazani na kumfikisha kwa mwandikishaji. "Baba yangu hakupiga kura," alisema mzee, "lakini kura yake ilipigwa."

Tuliinama. Wanachama, tazameni ukubwa wa jambo hili: mtu aliyenyimwa daftari akilijaza daftari kwa ajili ya wenzake.

Uchaguzi ulifanywa kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU, pamoja na Waasia na Wazungu iliowaunga mkono, ilipata karibu viti vyote, na UTP ikaanguka. Sharti la kura tatu, lililokusudiwa kuigawa nchi, likageuka likawa njia ya kuwachagua watu wa kila rangi wenye kutaka jambo moja. Na uchaguzi wa Agosti 1960 ulipokuja, sharti hilo lilikuwa limekwisha kufutwa, na wapiga kura walioandikishwa walikuwa wengi zaidi. TANU ikapata viti 70 katika 71, na tarehe 9 Disemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru wake.

Hatusemi kwamba daftari peke yake linatosha. Tangu mwaka 1965 hata chama kimoja kilipokwisha mwaka 1992, watu waliandikishwa kwa mamilioni, lakini vyama vya kuchagua baina yake havikuwapo. Daftari ni mlango. Nyumba ni jambo jengine. Walakini hakuna aliyepata kuingia nyumbani pasipo mlango.

Nasi Pemba hatuna haja ya kwenda mbali kuijua thamani ya jina moja. Katika uchaguzi wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Moja tu! Baada ya hapo viti 22 vya Baraza vikagawanyika kumi na moja kwa kumi na moja, serikali haikuweza kuundwa, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni mwaka huo huo. Kila upande uliushuku ujanja wa mwenziwe, na ghasia zikazuka Unguja ambamo watu 68 walipoteza maisha. Tunayakumbusha haya si kwa kufukua makaburi, bali ili tujue kuwa watu wasipoyaamini majina na hesabu, jirani humgeukia jirani. Mkulima hapeleki gunia lake kituoni akageuza mgongo. Husimama mbele ya mizani mpaka itulie, na mnunuzi naye anaona. Pale hakuna tusi wala shaka, kwani wote wawili wameona. Kura nayo ni mali ya mtu, nayo ipimwe hivyo hivyo.

Sasa tunarudi nyumbani, tena tunarudi kwa aibu. Katika mkutano wetu mkuu uliopita tuliichagua kamati, na daftari la wanachama likasomwa kwa sauti. Majina manne yaliyosomwa yalikuwa ya marehemu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Na mama mmoja aliyerithi mikarafuu ya mumewe, akalipa ada yake kila mwaka bila ya kukosa, hakusomwa, kwa kuwa daftarini lilikuwa bado jina la mumewe. Hakugomba. Alikunja buibui lake akatoka, na wengi hawakumwona. Sisi tulimwona. Anayeandika daftari hilo ni katibu, na katibu ndiye anayeandika makala hii. Kosa ni letu, na tulikwenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Alitusamehe, kisha akasema: "Karafuu zangu mnazijua, mimi mwenyewe hamnijui."

Basi tumeazimia mambo matatu, na tunakuombeni mtusaidie.

Kwanza, daftari la jumuiya litabandikwa ukutani mwezi mzima kabla ya mkutano ujao. Kila mwanachama aje alisome, au amlete mtoto wake wa skuli amsomee. Aliyekufa aondolewe kwa ushahidi wa jamaa zake. Mrithi aliyelipa aandikwe kwa jina lake, mwanamume au mwanamke.

Pili, kura za kamati zitahesabiwa mbele ya watu, na kila mgombea atakuwa na mtu wake wa kusimama mezani, kama tunavyosimama mizanini.

Tatu ni la nje ya jumuiya. Uandikishaji wa wapiga kura wa nchi ukitangazwa, kila mmoja wetu akague jina lake mapema. Wachumaji wetu khasa wako katika khatari, kwani msimu huwakuta kambini mbali na shehia zao, na siku za kujiandikisha hazingoji karafuu zikauke. Mwenye shamba amruhusu mchumaji wake arudi kwao kujiandikisha, wala asimkate ujira wa siku hiyo. Nani ampigie kura nani, hilo si la jumuiya hii wala halitakuwa. Wanachama wetu ni wa kila chama, na mkarafuu haumwulizi mchumaji kadi yake. La jumuiya ni kuwa asikose mtu haki yake kwa uvivu wetu.

Fundi cherehani wa Tabora hakuwa na jina katika daftari, naye akatembea jioni baada ya jioni kwa ajili ya jina la mwingine. Sisi majina tunayo. Wazee wetu walikwisha kutuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila khabari. Njooni mlisome daftari lenu.

Katibu