Mgonjwa wa Chicago Aliyedhani Chakula Kimemdhuru

Mshtuko wa moyo, yaani hali inayotokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba ghafla na sehemu ya msuli huo ikaanza kufa kwa kukosa oksijeni, umeandikwa sana, lakini ni maandishi machache yanayostahili kusomwa upya Afrika Mashariki kama taarifa aliyoichapisha daktari James Bryan Herrick wa Chicago tarehe 7 Desemba 1912 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Herrick ana undugu mwingine na familia za ukanda huu, kwani ndiye aliyeeleza kitabibu kwa mara ya kwanza, mwaka 1910, chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu, na hivyo akaufungua mlango wa utafiti wa selimundu. Hata hivyo, kilichosababisha makala haya yaandikwe ni aya chache tu za ile taarifa ya 1912, zinazomweleza mwanamume mmoja wa miaka 55, na ambazo ni vigumu kuzisoma leo pasipo kumkumbuka jirani au mzee wa ukoo.

Mtu huyo alihesabiwa kuwa mzima wa afya. Muda wa saa moja baada ya kula mlo wa kushibisha kiasi, alibanwa na maumivu makali sehemu ya chini ya kifua, mbele ya moyo, akashikwa na kichefuchefu, na kwa kuwa aliamini kwamba alichokula hakikumkubali, alijitekenya koo ili atapike. Kutapika hakukumsaidia. Daktari wake alipoitwa alimkuta amekuwa wa baridi, mapigo ya mshipa wake ni madogo na ya haraka, na maumivu yamemzidi. Matibabu nayo yakaelekea kulekule tumboni, kwani tumbo lilioshwa, kisha mgonjwa akadungwa sindano ya mofini. Maumivu yalikoma baada ya muda wa saa tatu hivi, naye akabaki kitandani bila kuumwa tena. Herrick alipomwona, saa 12 tangu maumivu yaanze, alimkuta ana akili timamu na ametulia, ilhali ngozi yake ilikuwa imeanza kuonyesha rangi ya buluu ya upungufu wa oksijeni, pumzi ilikuwa nzito kidogo, kifua kilijaa milio ya majimaji, sauti za moyo zilisikika kwa mbali, na mapigo yalikuwa 140 kwa dakika. Alifariki saa 52 baada ya ule mlo kumgeukia, au tuseme baada ya kile alichodhani kuwa ni mlo. Ludvig Hektoen, aliyeupasua mwili kwa uchunguzi, aliukuta mshipa wa kushoto unaoulisha moyo umezibwa kabisa na bonge la damu, karibu na pale unapoanzia.

Mambo mawili katika simulizi hilo yanasumbua mawazo. La kwanza ni kwamba mgonjwa na aliyemtibu walikwenda tumboni pamoja, wala hawakuwa wazembe, maana neva zinazobeba habari za maumivu kutoka moyoni huingia kwenye uti wa mgongo karibu na zile zitokazo sehemu ya juu ya tumbo, na upande wa chini wa moyo umelalia kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo; ubongo unaweza kupokea taarifa sahihi ya hatari na ukakosea anwani yake. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni ule utulivu wa saa zilizofuata. Maumivu yaliondoka huku mshipa ukiwa bado umeziba, na mtu akalala kwa amani wakati msuli wa moyo wake ukiendelea kufa. Yeyote aliyewahi kusikia katika msiba kwamba marehemu alilalamika jioni, akapata nafuu usiku, akafariki alfajiri, ataona kwamba nafuu ya namna hiyo haikuwa ushahidi wa kupona.

Herrick alijenga hoja yake juu ya saa hizo 52. Imani iliyotawala wakati wake ilikuwa kwamba kuziba ghafla kwa mshipa mkubwa wa moyo huua papo hapo, au karibu papo hapo, na kwa imani hiyo hapakuwa na sababu ya kumfundisha daktari kuitambua hali hiyo kwa mgonjwa aliye hai, kwa kuwa mgonjwa kama huyo hakutarajiwa kuwapo. Yeye alisisitiza kwamba wako wanaokufa kwa dakika, wanaoishi kwa saa au siku, na wanaopona kabisa, na kwamba kwa sababu hiyo ugonjwa huu unaweza kujulikana kitandani kabla haujajulikana katika chumba cha maiti. Madaktari Obraztsov na Strazhesko wa Kiev walikuwa wameandika mambo yanayofanana na hayo mwaka 1910. Herrick mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba alipowasomea wenzake taarifa yake haikuamsha hamu yoyote, naye akaendelea kuhubiri jambo lilelile kwa miaka, mpaka kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini huitwa ECG, kilipompa ushahidi unaoonekana kwa macho. Uvumilivu huo unastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa kwake leo.

Yeye hakuwa na dawa ya kuuzibua mshipa; alichoweza kuagiza zaidi ni mapumziko kamili kitandani. Dawa zilikuja baada ya kifo chake mwaka 1954. Utafiti mkubwa uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze walipungukiwa na vifo kwa karibu nusu, na kwamba faida hiyo ilififia kadiri saa zilivyopita. Na mwaka 1988 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 17,187 ulithibitisha kwamba aspirini peke yake, kidonge cha bei ndogo kuliko nauli ya daladala, ilipunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kwa takriban asilimia 23.

Dalili zenyewe hazifuati picha ya sinema ya mtu anayejishika kifua na kuanguka. Mara nyingi ni kubanwa au kulemewa kifuani kunakokuja na kuondoka kwa siku kadhaa, uzito unaopanda shingoni, kwenye taya au mkono, jasho jembamba la baridi, pumzi kukatika kwa kazi iliyokuwa nyepesi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 juu ya wanawake 515 waliopatwa na mshtuko wa moyo, asilimia 95 walisema walihisi mabadiliko kabla ya siku yenyewe, na lililotajwa zaidi lilikuwa uchovu usio wa kawaida, wala si maumivu ya kifua. Wenye kisukari cha miaka mingi huweza kuhisi kidogo sana, kwa kuwa neva zao zimeharibika.

Hapa kwetu ushahidi ulio karibu zaidi unatoka Moshi, ambako watafiti waliwafuatilia watu wazima waliofika katika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au pumzi fupi. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na mshtuko wa moyo, wengi wao hawakutambuliwa hivyo na waliowahudumia, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi wa wagonjwa hao walifariki ndani ya siku 30. Tukiongeza wale waliobaki nyumbani na maziwa, maji ya tangawizi au vidonge vya gesi, hesabu kamili haijulikani.

Yapo maswali ambayo taarifa ya Herrick haiyajibu. Aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba ana vidonda vya tumbo atatofautishaje usiku mmoja na mwingine, ilhali aspirini inayouokoa moyo huweza kulifanya tumbo litoke damu? Muuguzi wa zahanati isiyo na ECG, ambaye gari la wagonjwa liko wilayani, afanye nini kwa mgonjwa anayesema sasa amepata nafuu?

Kinachojulikana ni hiki: maumivu mapya ya kifua au ya chembe cha moyo yanayodumu zaidi ya dakika 15, hasa yakiandamana na jasho la baridi au pumzi fupi, yasisubiri asubuhi. Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, asiendeshe gari mwenyewe, atafune kidonge cha aspirini iwapo hana mzio nayo wala historia ya kutokwa damu tumboni, na ndugu aliyemsindikiza akitaje kipimo hicho kwa jina na kukiomba, hata kama maumivu yamekwisha.