Ng'ombe wa udongo: Sanaa ya nyumbani isiyodai faranga

RUZIBA, kusini mwa jiji la Bujumbura kwenye barabara iendayo Rumonge, ina vitu viwili ambavyo watoto hawavichoki: maji ya Ziwa Tanganyika na udongo. Maji ni ya kuchungwa. Udongo, ukiandaliwa vizuri, unaweza kuwa darasa la kwanza la mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuanza shule.

Wazazi wengi hudhani sanaa ya watoto ni lazima iwe na rangi za dukani, karatasi nyeupe na brashi. Wengine hushauriwa kukanda unga wa ngano na chumvi ili mtoto apate kitu cha kufinyanga. Ushauri huo unafaa kwa mwenye akiba. Katika nyumba ambayo kilo ya unga ni chakula cha jioni, unga ubaki jikoni na mtoto apewe udongo.

Burundi haihitaji kufundishwa jambo hilo. Udongo wa mfinyanzi, ambao Warundi huuita ibumba, umetengeneza vyungu vya nchi hii kwa karne nyingi, na Batwa ndio wanaojulikana zaidi kwa ufundi huo. Watoto nao tangu zamani wamefinyanga ng'ombe wa pembe ndefu, mnyama mwenye heshima kiasi kwamba salamu ya jadi, "amashyo", humtakia mtu makundi ya ng'ombe.

Kazi huanza kwa kuchagua udongo. Usichukuliwe kwenye mtaro, karibu na choo wala kando ya mto wakati wa mvua, kwa kuwa kingo humeguka na maji machafu hubeba kipindupindu. Anayeufuata ni mtu mzima, si mtoto. Ukishapatikana, ukaushwe, utwangwe, uchekechwe, kisha ulowekwe usiku kucha kwa maji safi. Asubuhi yake ukandwe mpaka uache kunata mikononi.

Ili kuupima, viringisha kipande chembamba kama kidole na ukizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka ovyo, udongo una mchanga mwingi. Kikijikunja bila kukatika, uko tayari. Utakaobaki ufungwe kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki.

Mtoto wa miaka miwili ataupigapiga na kuutoboa, hiyo inatosha. Wa miaka mitatu au minne aghalabu hutengeneza mipira na nyoka. Wa miaka mitano anaweza kujaribu ng'ombe, mtumbwi au samaki aina ya mukeke. Miguu na pembe hushika vizuri sehemu zote mbili zikikwaruzwa kwa kijiti na kupakwa uji wa udongo kabla ya kugandishwa. Kazi ikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, maana jua kali huipasua.

Rangi nazo zipo. Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi, udongo mwekundu hutoa rangi ya matofali, na manjano ya jikoni hutoa rangi yake yenyewe. Chokaa isitumike, kwani huunguza macho na ngozi. Watoto wadogo hupenda kuonja, hivyo wasiachwe peke yao na udongo, na baada ya kazi kila mmoja anawe kwa sabuni.

Sehemu ngumu zaidi ni ya mzazi: kutoushika mkono wa mtoto. Ng'ombe mwenye miguu mitatu asirekebishwe. Aulizwe anakwenda wapi, ni wa nani, amekula nini. Katika majibu hayo mtoto hujifunza kupanga maneno, iwe kwa Kirundi au Kiswahili, na vidole vinavyobana udongo leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho.

Sanaa zinazoitambulisha Afrika Mashariki nazo zilianza na vilivyokuwa karibu. Wanyarwanda wa Kirehe walichora imigongo kwa samadi ya ng'ombe. Waganda walitengeneza nguo kutokana na magome ya mti. Jijini Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama juu ya mbao nyepesi za ujenzi kwa rangi za kupakia baiskeli, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unautambua mchezo na sanaa kuwa haki ya mtoto. Haki hiyo haimsubiri mzazi apate mshahara. Inamtaka atenge nusu saa, akae chini kwenye mkeka na kuchafuka mikono pamoja na mwanawe. Ng'ombe akikauka awekwe mahali pa kuonekana, na mgeni akibisha hodi, mwenye ng'ombe apewe nafasi ya kumtambulisha.