Amu na Haki ya Kujibu

Wageni wazuruo Amu, yaani mji wa Lamu, huvutwa kwanza na nakshi za milango, ilhali mbele ya milango hiyo kuna kitu ambacho, kwa maoni yangu, thamani yake ni kubwa zaidi: daka lenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto, ambalo wajenzi wa kale waliliweka baina ya njia na nyumba ili mpita njia apate pa kuketi kabla haja yake haijajulikana, na jirani apate pa kunena bila ya kuingilia faragha ya watu wa ndani. Mji huo mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mawe yake sasa yana sheria za kuyahifadhi. Mazungumzo yaliyofanyika juu ya mawe hayo hayana mlinzi ila wazungumzao wenyewe. Na kwa kuwa siku hizi pana shauku kubwa ya kuitisha mijadala ya hadhara juu ya fasihi, utamaduni, mazingira na uhuru wa kusema, yafaa tuulize ni adabu gani iliyoyapa mazungumzo ya kale nguvu zake.

Adabu hiyo, nionavyo, ilikuwa hii: anenaye mbele ya watu amekwisha kukubali kujibiwa mbele ya watu hao hao. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mvita (Mombasa) ya Mazrui ilipogombana na Amu hata mambo yakafikia vita vya Shela, tungo zilivuka bahari kama zivukavyo jahazi, Muyaka bin Haji akinena kwa upande wa Mvita na Bwana Zahidi Mngumi kwa upande wa Amu, kila mmoja akitwaa usemi wa mwenziwe na kuurudisha kwa makali mapya. Hawakuwa wapole hata kidogo, wala upole haukuwa sharti. Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, haisomeki vema kwa mtu asiyejua kwamba beti nyingi humo zilimkusudia msikilizaji aliyekuwa na uwezo, na wajibu, wa kujibu.

Dola ya kisasa haikuirithi adabu hiyo. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uitwao *Kenya: Twendapi?*, akihoji mwenendo wa serikali na chama tawala. Badala ya jibu akapewa kifungo, akakaa gerezani tangu 1969 hadi 1972, katika upweke mwingi. Beti alizoziandika humo kwa siri juu ya karatasi za chooni zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikatunukiwa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji. Watu huisimulia kadhia hii kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekesha, kwa sababu tuzo si jibu, na swali la waraka ule liliachwa pale pale lilipokuwa.

Tofauti na hayo ndiyo yaliyotukia Lamu katikati ya miaka ya 1970, katika kinyang'anyiro cha ubunge kilichozaa tungo za *Kimondo*, ambamo Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, alikuwa miongoni mwa washairi waliotumia kaseti kupeleka hoja zao, na wapinzani wakajibu kwa kaseti vilevile. Kaseti ilifanya jambo ambalo daka halikuweza kulifanya: iliingia ndani, kwa wanawake, ambao barazani aghalabu hawakuwa na mahali.

Mwezi Machi 2012 ukazinduliwa mradi wa LAPSSET, pamoja na bandari mpya katika ghuba ya Manda huko Lamu, wa kuziunganisha Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Hapo ndipo mambo ya bahari, ya utamaduni na ya uhuru wa kunena yalipokuwa jambo moja. Wavuvi walikuwa na ilimu isiyokuwamo katika ramani za wahandisi: mikondo ya maji, tabia ya kusi na kaskazi, na mazalio ya samaki penye mikoko, ambayo zaidi ya nusu ya ile yote ya Kenya imo Lamu. Hawakuulizwa ipasavyo, wakaenda mahakamani. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni zilikuwa zimekiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2016, ilikuwa imekwisha kutolewa leseni ya kujenga huko Kwasasi kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, cha megawati zipatazo 1,000. Jumuiya ya Save Lamu na wenziwe waliipinga, na mwezi Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira likaifuta, hoja kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kwa njia ya kweli: mikutano ya awali ya kuutambulisha mradi haikuweza kusimama mahali pa mjadala juu ya taarifa yenyewe ya athari. Taarifa hiyo ilikuwa ya Kiingereza, nene, imejaa istilahi za wataalamu. Insafu yanilazimu kusema kwamba wapo watu wa Lamu, vijana hasa, waliokitaka kituo kwa tamaa ya ajira, na baraza lisilowasikiliza hao nalo lingekuwa la upande mmoja.

Leo mijadala ya namna hii huitwa warsha, hufanyika katika kumbi za hoteli, na mwenye kipaza sauti hujua saa ya kufunga kuliko ajuavyo hoja iliyobaki (posho nayo ikisha kugawiwa, nani atauliza tena?). Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Haimlazimishi ofisa aketi hadi jibu limfikie. Mwenye kuitaka rai ya Amu kwa dhati angeisoma taarifa yake kwa Kiswahili pale Mkunguni, mbele ya ngome, akarudi baada ya wiki kadhaa kusikiliza majibu, akaingia na majumbani kwa kupitia wanawake wanaoaminika humo, kisha akayaandika majibu hayo, makali na matamu, katika kitabu kile kile chenye maneno yake.