Paka Shume wa Mitaa Yetu

Mtu apitaye soko la Tandika, Dar es Salaam, baada ya magharibi, wauza samaki wakiwa wamekwisha kukunja magunia yao na maji ya matumbo yangali yakitiririka mtaroni, huwakuta wakaazi wasioandikwa katika daftari la mjumbe yeyote: paka wa kila rangi, wengine wamenawiri, wengine mbavu zimewatoka, na baina yao shume mmoja wawili wenye vichwa vipana na masikio yaliyochanika kwa vita. Ndivyo ilivyo Mwananyamala, Tandale na Mbagala, na ufukoni Kunduchi ambako wavuvi hupandisha ngalawa zao. Hawa si paka mwitu kwa asili. Ni wajukuu na vitukuu vya paka waliofugwa, ambao ama walipotea, ama waliachwa mpangaji alipohama chumba, ama walitiwa guniani wakiwa wachanga wakatupwa sokoni na mtu aliyeona haya kuwaua kwa mkono wake.

Malalamiko juu yao ni ya haki: hupigana usiku kucha juu ya mabati, hukojoa milangoni mkojo wenye harufu kali, na huiba kitoweo. Lakini dawa inayotumika ni mbaya kuliko maradhi. Kila mtu aijua sauti ya mchuuzi wa sumu ya panya apitaye na kipaza sauti chake; sumu hiyo hutiwa katika kipande cha samaki kwa kusudi la kumwua paka, au hutegewa panya, kisha paka akamla panya yule na kufa kwa mateso yale yale. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na katika fikihi tuliyorithi pwani hii paka si najisi, hata maji aliyoyanywa yakabaki. Kwa hiyo sheria na dasturi zote mbili ziko upande wake, ijapokuwa mlalamikaji aliyekosa usingizi hasemi hivyo saa nane za usiku.

Wako wanaodai kwamba wakusanywe wote na kuangamizwa kwa siku moja. Tukiuacha ukatili wake, jambo hilo halina tija, maana kilichowaleta paka ni riziki: vichwa vya samaki, jalala lisilozolewa, na panya waliolifuata jalala hilo. Maadamu riziki ipo, nafasi iliyoachwa wazi huingiliwa na paka wa mtaa wa pili, na wale wachache waliosalimika, kwa kuwa hawana tena mshindani, hukuza watoto wengi zaidi kuliko zamani. Na uzazi wao una ajabu yake. Paka jike huingia joto kwa kuufuata urefu wa mchana. Huko Ulaya, siku zinapofupika wakati wa baridi, uzazi husita kwa muda, lakini Dar es Salaam iko karibu digrii 7 tu kusini mwa Ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki hata saa moja, hivyo jike wa Temeke hana msimu wa kupumzika. Hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, huzaa aghalabu watoto 3 hadi 5, aweza kushika mimba nyingine naye angali ananyonyesha, na baadhi ya binti zake huweza kuanza kuzaliana tangu umri wa miezi 4. Mwenye huruma ya kuwamwagia ugali na dagaa kila jioni, pasi na kufanya jambo jingine, anaongeza idadi ya wale watakaolia njaa mwakani.

Njia yenye insafu ni kuwanasa, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha pale pale walipotwaliwa. Italia iliiweka katika sheria yake namba 281 ya mwaka 1991, kwamba paka waishio huru wahasiwe na kurudishwa katika kundi lao. Na karibu yetu, katika mji wa Lamu, ambao paka wake ni mashuhuri, iko kliniki ya wanyama inayoifanya kazi hiyo hiyo. Muhimu wa kwanza si tabibu, bali yule mama muuza samaki ambaye paka wameizoea sauti yake. Yeye huwalisha saa ile ile kila siku, karibu na mtego wa kizimba ulioachwa wazi. Siku ya kunasa ikikaribia huwanyima chakula tangu jana yake, kisha hutia dagaa mwisho wa kizimba, mbali na mlango. Mlango uangukapo, kizimba hufunikwa mara moja kwa kanga, kwa sababu paka aliye gizani hutulia, na mtu asithubutu kutia mkono ndani. Tabibu humlaza paka kwa nusukaputi. Dume hutolewa kende kwa dakika chache, jike hupasuliwa tumbo na kuondolewa kizazi, kisha hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, kwani hakuna atakayemshika tena kuja kuutoa. Angali usingizini, hukatwa ncha ya sikio moja, kadiri ya sentimita moja, ili atambulikane kwa mbali asije akapasuliwa mara ya pili. Baada ya kuzindukana barabara hurudishwa. Hulinda mtaa wake kama awali, lakini katika majuma yafuatayo vita, makelele na harufu ya mkojo hupungua. Sharti wahasiwe walio wengi katika kundi. Wawili watatu hawabadilishi kitu.

Nani alipe? Katika hadithi ya Sultani Majnuni, aliyoikusanya Edward Steere Unguja na kuipiga chapa mwaka 1870, paka wa mfalme alikula mifugo, kisha watu, na kila aliyeshitaki alijibiwa kwamba paka yule ni wa mfalme mwenyewe. Mitaani kwetu mambo yamepinduka: wote wanamlisha, wote wananufaika kwa panya anaowaua, wala hakuna asemaye kuwa ni wake. Mimi naona wenye vibanda vya samaki na mabucha ndio wa kuanza kuchanga, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa ushauri wa afisa mifugo wa kata, kisha wakaviendea vyama vya kutetea wanyama kama TAWESO, ambacho makao yake ni katika jiji hili.

Kuhusu kuwatwaa na kuwafuga, shume mzima asiyezoea watu aachwe mtaani kwake. Kumfungia chumbani ni kifungo. Watoto ndio wanaofugika, hasa wakishikwashikwa na watu kati ya juma la 2 na la 7 la maisha yao. Mpangaji amwulize kwanza mwenye nyumba, asije akamtupa tena mwezi wa tatu. Na paka akiugua, asipewe Panadol hata nusu kidonge: ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo, na ni sumu ya kumwua.

Jambo la mwisho ni kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa na paka aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Ikitangazwa chanjo, kama ilivyo desturi kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, watoto huonekana wakikokota mbwa kwa kamba, ilhali paka wamesahauliwa nyumbani. Nao huchanjwa vile vile, na kikapu chenye kifuniko kilichofungwa vizuri kwa kamba chatosha kumfikisha.