Mwani unapoota, soko la klorini huamka

Kila mwaka kati ya Aprili na Mei, mamilioni ya wenye nyumba nchini Marekani hufunua turubai zilizofunika mabwawa yao ya kuogelea tangu Septemba au Oktoba. Wengi hukuta maji yamegeuka kijani, kuta zina utelezi na majani yaliyooza yamejaa chini. Wiki hizo chache kabla ya sikukuu ya Memorial Day, inayoangukia Jumatatu ya mwisho ya Mei, ndizo zinazoamua kama muuza dawa za mabwawa atakuwa na mwaka mzuri au mbaya.

Hii ni biashara ya msimu, kama ya mbegu na mbolea. Anayekosa mzigo ghalani mwezi Mei hawezi kufidia mwezi Novemba, na anayebaki na mzigo mwezi Oktoba hulala na fedha yake hadi mwaka unaofuata. Kati ya 2020 na 2025 soko hili lilionja hali zote mbili, uhaba na wingi. Waliolipa gharama ni wenye mabwawa, wenye maduka na wenye hisa.

Kwa nini maji hugeuka kijani

Mwani ni viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo majani. Mbegu zake huletwa na upepo na mvua, hivyo hakuna bwawa la nje lisilozipata. Maji yakiwa na baridi chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hukua polepole. Joto likipanda, nayo klorini ya mwaka uliopita imekwisha nguvu, bwawa zima huweza kubadilika rangi kwa siku chache. Ndiyo sababu mafundi hushauri turubai litolewe mapema, maji yakiwa bado baridi. Anayesubiri jua kali huokoa wiki mbili tatu za umeme wa pampu, kisha akalipa zaidi kwa dawa.

Klorini huua mwani, lakini nguvu yake hutegemea mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha pH. Kikiwa 7.5, karibu nusu tu ya klorini iliyo majini huwa katika hali ya kuua vijidudu kwa haraka. Kikifika 8, hubaki robo au chini ya hapo. Mtu anayemwaga klorini kabla ya kushusha pH kwa asidi anatupa fedha.

La pili ni asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini isiharibiwe na jua. Bila kinga hiyo, jua la mchana humaliza sehemu kubwa ya klorini kwa saa chache. Lakini kinga ikizidi, huishikilia klorini kiasi kwamba haifanyi kazi yake. Kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, hushauri maji ya bwawa yawe na klorini isiyopungua miligramu 1 kwa lita, au miligramu 2 pale inapotumika asidi ya sayanuriki, na pH kati ya 7.0 na 7.8.

Hesabu ya bwawa moja

Tuchukue bwawa la nyumbani la lita 75,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita kunahitaji gramu 75 za klorini halisi. Bwawa la kijani lenye asidi ya sayanuriki ya miligramu 50 kwa lita huhitaji klorini ipande hadi miligramu 20 hivi, yaani kilo 1.5. Kwa unga wa kalsiamu haipokloraiti wenye nguvu ya asilimia 65, hiyo ni kilo 2.3.

Tena haiwi mara moja. Mwani unapokufa huila klorini, kwa hiyo mwenye bwawa hupima na kuongeza dawa siku kadhaa mfululizo, husugua kuta kwa brashi na kuacha pampu na kichujio vikifanya kazi usiku na mchana. Kazi imekwisha pale maji yanapoonyesha sakafu vizuri na kipimo cha asubuhi kinapolingana na kile cha jioni iliyotangulia. Usiku hakuna jua la kuila klorini, kwa hiyo ikipungua ni dalili kwamba mwani bado upo.

Kwa muuza duka, hesabu hiyo ina maana kubwa. Bwawa lililofunguliwa mapema hununua ndoo moja, lakini lililochelewa hununua ndoo kadhaa, asidi, brashi, vifaa vya kupimia na pengine kichujio kipya.

Aina tatu za dawa hushindana. Klorini ya maji ina nguvu ya asilimia 10 hadi 12.5. Haiachi asidi ya sayanuriki wala kalsiamu bwawani, lakini ni nzito kusafirisha na hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto. Unga wa kalsiamu haipokloraiti hukaa muda mrefu zaidi, ila huongeza kalsiamu majini. Vidonge vya trikloro vina nguvu ya asilimia 90 hivi na huyeyuka polepole, ndiyo maana wateja huvipenda. Kasoro yake ni kwamba kila miligramu 10 za klorini inayotokana navyo huacha takriban miligramu 6 za asidi ya sayanuriki, na asidi hiyo haipungui ila maji yapunguzwe. Ikifika miligramu 100, mwenye bwawa letu la mfano atalazimika kutumia klorini mara mbili, au kumwaga lita 37,500 na kujaza upya. Kumwaga maji yote nako ni hatari pale maji ya ardhini yalipo juu, kwani yanaweza kulisukuma bwawa tupu likainuka na kupasuka.

Dawa zenye madini ya shaba, jamaa ya mrututu, huzuia mwani. Zikizidi huacha madoa kwenye kuta na kuzigeuza nywele nyeupe kuwa za kijani.

Kuchanganya dawa bila kuelewa huwaponza hata wakubwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, mkandarasi alitia lita 80 za haidrojeni peroksaidi katika mabwawa ambayo tayari yalikuwa na klorini. Dawa hizo zilibatilishana nguvu na maji yakageuka kijani mbele ya kamera za dunia nzima. Waandaaji walilazimika kubadilisha zaidi ya lita milioni 3.7 za maji katika bwawa moja.

Moto uliopandisha bei

Tarehe 27 Agosti 2020 kimbunga Laura kilipiga pwani ya Louisiana. Kiwanda cha BioLab cha Westlake, kilichotengeneza vidonge vya trikloro, kiliwaka moto. Watengenezaji wa bidhaa hiyo nchini Marekani walikuwa wachache mno, hivyo pengo lilionekana mara moja. Wakati huohuo watu waliozuiliwa majumbani na ugonjwa wa korona walikuwa wakijenga mabwawa mapya kwa kasi.

Msimu wa 2021 ulipofunguliwa, ndoo ya ratili 50 za vidonge iliyokuwa ikiuzwa chini ya dola 100 ilifika dola 150 katika baadhi ya maduka. Wengine waliweka kikomo cha ndoo kwa kila mteja. Wenye mabwawa walifanya kile ambacho mlaji yeyote hufanya akisikia uhaba: walinunua zaidi ya mahitaji yao na kuweka akiba. Kiwanda cha Westlake kilijengwa upya na kuanza kazi tena mwishoni mwa 2022.

Akiba hiyo ndiyo iliyokuja kuwaumiza wauzaji. Mwaka 2023 wateja wengi walifungua msimu wakiwa na vidonge vya mwaka uliopita, na hali ya hewa ya masika haikusaidia. Maduka yaliyonunua kwa bei ya juu yalijikuta na mzigo mkubwa huku bei zikishuka.

Hisa zilivyopanda na kushuka

Kampuni mbili zilizoorodheshwa katika soko la Nasdaq zinaonyesha picha nzima. Pool Corporation, yenye makao Covington, Louisiana, huuza kwa jumla na imekuwa sokoni tangu 1995. Mauzo yake yalipanda kutoka dola bilioni 3.94 mwaka 2020 hadi bilioni 6.18 mwaka 2022, kisha yakashuka hadi bilioni 5.31 mwaka 2024. Hisa yake ilipita dola 550 mwaka 2021 kabla ya kuanguka. Msimu unaonekana wazi katika hesabu zake: robo ya pili ya 2024 ilileta dola bilioni 1.77, lakini robo ya nne haikufika bilioni 1.

Leslie's huuza rejareja. Iliingia sokoni Oktoba 2020 kwa dola 17 kwa hisa, katikati ya shangwe. Julai 2023 ilipotangaza kwamba wateja bado wana dawa za msimu uliopita, hisa zake zilipoteza zaidi ya robo ya thamani kwa siku moja. Mwaka 2025 zilikuwa zimeshuka chini ya dola 1, na kampuni ikaunganisha kila hisa 20 kuwa moja.

Tofauti ya kampuni hizi ina fundisho. Zote mbili zinauza dawa kwa bwawa lilelile la kijani. Lakini mwenye jumla anauza pia mabomba, pampu na vifaa vya ukarabati kwa maelfu ya mafundi, nayo madeni yake yanabebeka. Mwenye rejareja amebeba kodi za mamia ya maduka na deni kubwa, hivyo bei ya ndoo ikishuka hana pa kujishikiza. Mwekezaji mdogo aliyenunua kwa kusikia tu kwamba klorini imeadimika hakuuliza swali la pili: uhaba ukiisha, nani atabaki na mzigo wa bei ghali?

Ghala nalo lina hesabu yake

Tarehe 29 Septemba 2024 ghala la BioLab la Conyers, Georgia, liliwaka moto. Watu wapatao 17,000 waliambiwa wahame, na wengine wengi wakatakiwa kujifungia ndani kwa sababu ya moshi wa klorini.

Hili linawahusu pia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Unga uleule wa kalsiamu haipokloraiti hutibu maji ya visima wakati wa kipindupindu na husafisha mabwawa ya mahoteli ya pwani. Usiwekwe pamoja na vidonge vya trikloro, kwani vikichanganyika huweza kulipuka. Usiwekwe karibu na asidi, ambayo huifanya klorini itoe hewa ya sumu. Usikaribiane na mafuta, na chombo cha kuuchotea kiwe kikavu na safi. Joto la ghala la mabati hupunguza nguvu yake mwezi hadi mwezi. Mnunuzi wa jumla anapaswa kuangalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya kuangalia bei.

Anayefuatilia soko hili ana mambo matatu ya kutazama. Hali ya hewa ya Aprili na Mei huonyesha mauzo ya kwanza. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki, Juni hadi Novemba, huonyesha hatari kwa viwanda vya Louisiana. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni thamani ya bidhaa zilizobaki ghalani katika hesabu za kampuni mwezi Septemba. Ikiwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia huku mauzo yakipungua, bei ya ndoo itashushwa masika yajayo, na bei ya hisa haitasubiri masika.