Bipu Isiyojibiwa: Kumrudia Mgonjwa kwa Wakati katika Mwambao wa Mtwara

Simu ya muuguzi wa zamu inaita mara moja, kisha inanyamaza. Namba iliyoonekana haikuhifadhiwa. Katika zahanati yenye foleni ya wajawazito na watoto wa chanjo, ni rahisi kwa muuguzi kuirudisha simu mfukoni akiamini kwamba mwenye shida ya kweli atapiga tena. Makala haya yanaichunguza imani hiyo, kwa kuwa katika mwambao wa Mtwara, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi vijiji vya mlango wa mto Ruvuma, mwenye shida ya kweli mara nyingi hana uwezo wa kupiga tena.

Kitendo hicho watu wamekipa jina: kubipu. Anayebipu hana salio, au analo kidogo lisilotosha mazungumzo. Wapo wahudumu wanaoiona bipu kuwa utovu wa adabu, hasa ikitoka kwa kijana. Kitabibu yafaa isomwe kwa namna nyingine. Huyo ni mgonjwa anayesema: nina neno, nimefika mahali penye mtandao, na fedha yangu imeishia hapa. Kampuni za simu zenyewe zimelikubali jambo hilo kwa kuweka ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa.

Ahadi iliyo ndani ya namba

Namba ya simu ikiandikwa nyuma ya kadi ya kliniki na kusindikizwa na maneno "ukiona tatizo nipigie", mgonjwa amepewa zaidi ya tarakimu. Amepewa utaratibu wa kufuata siku ya hatari: kwanza piga, kisha subiri uelekezwe.

Chukua mfano wa mama mwenye mimba ya wiki 34 anayeishi upande wa Msimbati. Tangu jana usiku kichwa kinamgonga, na asubuhi hii macho yanaona vimulimuli. Dalili hizo mbili, pamoja na maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, huweza kuashiria shinikizo la damu la ujauzito linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Baada ya wiki 20 za ujauzito, kipimo cha 140/90 au zaidi si cha kawaida. Kikifika 160/110 ni dharura, hata kama mama anatembea na kuzungumza. Degedege laweza kufuata baada ya saa chache. Dawa ya kulizuia, magnesiamu salfeti, inajulikana na haina gharama kubwa, lakini haimfikii mtu aliyeketi nyumbani akiitazama simu.

Mama huyu anabipu saa 3 asubuhi. Asingekuwa na namba ya muuguzi, huenda mama mkwe angekwisha kusema, "Twende tukaonwe," na bodaboda ingetafutwa. Lakini namba anayo, na aliambiwa apige. Basi familia inangoja. Hapa ndipo penye jambo ambalo wahudumu wengi hawalitazami: simu isiyojibiwa haimwachi mgonjwa pale alipokuwa kabla ya kupiga. Humfunga. Namba iliyotolewa bila mtu wa kuijibu yaweza kuwa na madhara kuliko kutotoa namba kabisa.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa chanzo cha vifo vya uzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo bado hufundishwa katika vyuo vya uuguzi na ukunga. Kwa kawaida ucheleweshaji wa kwanza huhesabiwa kuwa wa familia: mume hajaamua, fedha haijapatikana. Bipu isiyojibiwa huonesha kwamba hata kituo chaweza kuurefusha bila kujua.

Kwa nini jibu la jioni halitoshi

Mjini Mtwara, aliyepigiwa jioni badala ya asubuhi kwa kawaida atapokea. Ukanda wa mto una masharti yake. Simu moja ya kitochi huweza kuhudumia kaya nzima, na mara nyingi inakaa na mwanamume anayetoka nayo kwenda baharini, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Chaji hutafutwa dukani penye sola. Mtandao hupatikana kwenye mwinuko fulani au chini ya mti fulani ambao kijiji kizima kinaujua. Karibu na Kilambo na vijiji vingine vya mpakani, simu huweza kuhama yenyewe na kukamata mnara wa upande wa Msumbiji, na mpigaji akaambiwa namba haipatikani. Msimu wa korosho ukifika, familia huhamia mashambani kuokota; wakati wa mpunga, wengine hushinda bondeni.

Kwa hiyo mgonjwa hupatikana kwa muda mfupi tu, na muda huo ni ule aliochagua yeye kupiga. Akijibiwa ndani ya dakika 10, yumkini bado yuko chini ya mti. Akijibiwa saa 11 jioni, simu imezimika, au inapokelewa na mtoto asiyejua mama yuko wapi. Muuguzi ataandika "hapatikani" kwa moyo mweupe kabisa, na kesi itafungwa.

Ushahidi wa Afrika Mashariki

Utafiti maarufu zaidi kuhusu jambo hili ulifanyika Kenya kati ya 2007 na 2008, ukachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU katika kliniki tatu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe kila wiki wenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na pia aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumia dawa inavyotakiwa walikuwa 62% katika kundi hilo na 50% katika kundi la kawaida. Waliofubaza virusi walikuwa 57% dhidi ya 48%.

Ni kosa kuusoma utafiti huo kama sifa ya ujumbe mfupi. Ujumbe wenyewe haukutaja dawa wala ugonjwa. Kilichofanya kazi, kwa kadiri mantiki inavyoonesha, ni kwamba upande wa pili palikuwa na mtu aliyelazimika kupiga. Katika jiji la Yaoundé, Cameroon, wagonjwa 200 waliandikishwa katika utafiti ambao nusu yao walitumiwa ujumbe wa kutiwa moyo kila wiki bila utaratibu wa mhudumu kumfuatilia aliyekaa kimya; baada ya miezi sita tofauti ya maana haikuonekana. Ni kweli kwamba utafiti mwingine wa Kenya uliona faida katika kumbusho la wiki la upande mmoja, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Hata hivyo, mtu mwenye fedha kidogo ya kituo angefanya vyema kuitumia kwenye simu za kuwarudia wagonjwa kabla ya kuitumia kwenye mfumo wa kutuma kumbusho.

Zanzibar inatoa onyo lake. Wajawazito 2,550 wa vituo 24 walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Katika vituo vya kundi la majaribio, wanawake walitumiwa ujumbe na kupewa vocha ili waweze kumpigia mkunga. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa 60%, dhidi ya 47% katika kundi la ulinganisho. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wa vijijini haikuthibitika. Mpango uliobuniwa kwa kumfikiria mtu mwenye simu yake mkononi na mtandao sebuleni hauhamishiki ulivyo kwenda Kitaya au Mahurunga.

Majibu ya vipimo yanayomsubiri mwenyewe

Upande mwingine wa suala hili ni pale kituo kinapokuwa na neno na mgonjwa hajui. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huchukuliwa tone la damu kwenye karatasi akiwa na wiki 4 hadi 6, na sampuli husafiri kwenda maabara yenye mashine. Majibu hurudi. Mama ameambiwa aje tarehe ya kliniki ijayo, nayo imeangukia katikati ya msimu wa korosho. Karatasi inakaa ndani ya faili.

Watoto wenye maambukizi wasipotibiwa, takribani nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi wa hao hufa katika miezi ya mwanzo kabisa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema watoto wachanga ambao bado wanaonekana wazima kulipunguza vifo kwa 76%, wakilinganishwa na kusubiri dalili. Kila wiki ambayo majibu yanalala kwenye faili inakatwa katika faida hiyo. Majibu ya makohozi ya kifua kikuu na ya uchunguzi wa mlango wa kizazi nayo hulala vivyo hivyo. Majibu yenye jambo la kushughulikia yanastahili kupigiwa simu siku ile ile yalipofika, na isipopatikana, mhudumu wa afya ngazi ya jamii atumwe.

Hapa simu ina hatari yake. Anayepokea huenda si mgonjwa. Kusema tu kwamba unapiga kutoka kliniki ya tiba na matunzo kumetosha kumfichua mtu mbele ya mume au shemeji. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinalinda siri hiyo, lakini ulinzi wa kwanza ni makubaliano ya siku ya kipimo: nipige namba ipi, nijitambulishe kwa jina gani, akipokea mwingine nisemeje. Kisha, siku ya kupiga, salamu kwanza. Kwa mtu mzima wa pwani, simu inayoanza na majibu bila shikamoo na habari za nyumbani humtia hofu kabla hajasikia chochote, na salamu hiyo hiyo humpa mhudumu nafasi ya kuitambua sauti. Majibu ya VVU yenyewe hayatolewi kwa simu. Mgonjwa huitwa aje, na hupewa siku na jina la mtu wa kumwona.

Makundi ya WhatsApp yametumika vizuri kuunganisha zahanati na madaktari wa hospitali ya mkoa, Ligula, au wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Picha ya kidonda ikitumwa pamoja na jina na uso wa mgonjwa, hata hivyo, haitarudi tena. Na tiki mbili za buluu si jibu: aliyeuliza anajua umesoma, hajui umeamua nini.

Nani ajibu, na kwa salio la nani

Wahudumu wana malalamiko ya haki. Zahanati yaweza kuwa na watumishi wawili, simu inayopigwa ni ya muuguzi binafsi, na vocha hutoka katika mshahara wake. Anapigiwa usiku wa manane kuulizwa jambo ambalo lingesubiri. Kumlaumu mtu huyu ni kupotoka. Kuwarudia wagonjwa ni kazi ya kituo, si hisani ya mtu mmoja mwenye moyo mwema. Akihamishwa yeye, namba aliyoigawa kijiji kizima inaondoka naye.

Kinachohitajika ni kidogo: laini moja ya kituo inayokabidhiwa zamu hadi zamu, daftari moja, na salio linalojadiliwa wazi na kamati ya usimamizi wa kituo wakati wa kupanga matumizi ya mwaka. Daftari lenye safu za saa, namba, shida, aliyejibu na lililoamuliwa lamtosha mganga mfawidhi kuona, kila mwisho wa wiki, mistari isiyokuwa na jibu. Dalili ya hatari hujibiwa papo hapo, hata kama foleni itasimama kidogo. Mengine yajibiwe kabla ya jua kuzama. Asiye na jibu bado anaweza kujibu: "Mama, ujumbe wako nimeupata, namuuliza daktari, nitakupigia saa 8. Simu itakuwa na nani?" Swali hilo la mwisho huokoa simu nyingi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Bipu ikifuatwa na ujumbe mfupi wenye jina, kijiji na shida ("Mjamzito miezi 8, kichwa, macho, nipo mtandaoni mpaka saa 4") humfikia muuguzi kwa uzito mwingine kabisa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa ushauri. Kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo pia, nayo hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Na kwa anayetokwa damu, mwenye degedege, anayeona vimulimuli, mwenye homa kali akiwa mjamzito, au ambaye mtoto haonekani kucheza tumboni: piga ukiwa njiani. Asiyepokelewa simu aendelee na safari.