Mafuta Tete ya Manjano na Utafiti wa Saratani

Katika Kiswahili, neno manjano ni la tunguu na la rangi vilevile. Uwili huu humpotosha msomaji wa habari za saratani, kwani rangi hiyo hutokana na kukumini, ilhali harufu hutokana na mafuta yenye tumeroni.

Aliyezoea viwanda vya mafuta ya kupikia vya Thika asidhani haya ni mamoja na yale. Haya ni mafuta tete: mvuke wa maji hupitishwa katika manjano yaliyokaushwa, ukapozwa, nayo mafuta yakaelea. Kukumini haipandi na mvuke huo. Husalia katika makapi.

Maabarani, tumeroni zimeonekana kuua seli za saratani zilizooteshwa sahanini. Hapa ndipo penye mtego. Sahani haina ini la kuvunjavunja dawa, wala utumbo wa kuikataa. Kukumini yenyewe hufyonzwa kwa shida mno. China iliidhinisha elemeni, itokanayo na jamaa ya manjano, katika miaka ya 1990, lakini ubora wa majaribio yake ungali unabishaniwa.

Kwa hiyo mgonjwa wa Ruiru anayeacha tibakemikali ili anywe manjano huacha dawa iliyopimwa kwa binadamu na kushika tumaini lililopimwa sahanini. Anayevitumia vyote viwili hana budi kumwarifu daktari, maana vidonge vya kukumini vyaweza kuingilia baadhi ya dawa.

Nasi wanaistilahi? “Mafuta ya manjano” yaweza kueleweka kuwa mafuta yoyote yenye rangi hiyo. Napendekeza tuandike “mafuta tete ya mmanjano”.